Sumu ya Sima Haina Rangi

Aliyemeza tonge la mkate kisha akauona ukungu upande wa pili, mara nyingi hofu yake huzidi dhara lililompata. Kwa mwenye afya, tumbo litachafuka, pengine atatapika, na aghalabu haliwi lolote. Mwenye pumu au mzio ndiye wa kujihadhari zaidi. Mkate huo utupwe wote, kwani nyuzi za kuvu hupenya chakula laini kabla ya rangi kutokeza juu. Hata hivyo, mkate umekuonya wenyewe. Kinachostahili hofu katika majiko ya Likoni, Kisauni na Changamwe ni unga, maana mahindi yenye ukungu yakishasagwa, hakuna jicho litakaloyatambua.

Kuvu iitwayo Aspergillus flavus huota kwenye mahindi na njugu zisizokauka vyema, na hutoa sumu ya aflatoksini, wengine huiita sumukuvu. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Wengi walikuwa wamekula mahindi waliyoyalima wenyewe, yaliyowekwa ghalani na unyevu wake. Macho yaligeuka manjano, matumbo yakajaa maji, maini yakashindwa kazi. Hiyo ni sumu iliyoingia kwa wingi. Ile ya kidogo kidogo, sima ya leo na ya kesho, haiumizi tumbo hata siku moja, na ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi: baada ya miaka huleta saratani ya ini, hasa kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina B.

Wapo watakaosema moto huua kila kitu. Moto huiua kuvu, lakini sumu iliyokwisha kutolewa hubaki: maji ya sima huchemka kwa nyuzi 100, nayo aflatoksini huhitaji zaidi ya 200 ili ivunjike. Wengine watasema wazee walikula hivyo hivyo wakaishi. Tunaowasikia ni walioishi. Aliyekufa kwa ini hakuna aliyemuuliza alikula unga gani. Hoja yenye uzito ni ya anayenunua pakiti yenye alama ya ubora. Alama hiyo inasaidia, ila si dhamana: Novemba 2019, KEBS, shirika la viwango la Kenya, ilisimamisha uuzaji wa aina 5 za unga wa mahindi kwa kuzidisha kiwango kinachoruhusiwa nchini, mikrogramu 10 kwa kilo.

Basi jicho litumike kabla ya mashine. Sumu hukusanyika katika punje chache, kwa hiyo anayenunua mahindi Kongowea akichagua na kuondoa zilizovunjika, zilizosinyaa na zenye rangi ya kijani au kijivu, hupunguza sehemu kubwa ya hatari kwa hasara ya konzi moja tu. Konzi hiyo asimpe ng'ombe, kwani sumu hupita hadi kwenye maziwa. Na kwa fukuto letu la pwani, gunia likiwekwa juu ya sakafu tupu huvuta unyevu. Liinuliwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Watu wa nyumba moja wakianza kutapika na macho kuwa manjano, wapelekwe hospitali upesi, na unga uliobaki upelekwe pamoja nao.