Kioo Kinachojipinda Ili Seli Ionekane

Mvuvi wa mkuki halengi pale anapomwona samaki. Hulenga chini kidogo, maana anajua maji yameupinda mwanga. Mtaalamu wa hadubini naye huchezewa na maji hayo hayo, ila windo lake ni seli.

Katika hadubini ya fluoresensi, sehemu za seli hutiwa rangi inayong'aa ikimulikwa. Picha hupigwa tabaka baada ya tabaka, kisha kompyuta ikazipanga kuwa umbo la pande tatu. Tabaka za juu hutoka safi. Ukizidi kuzama, vitone huota mikia na ukungu.

Mara nyingi mchawi wa kwanza ni tone la mafuta linalowekwa kwenye lenzi. Mafuta hayo hupinda mwanga sawa na kioo, kwa kipimo cha karibu 1.52, maji ni 1.33, na seli hai imejaa maji. Miale ya pembeni ikivuka mpaka huo haikutani tena na ya katikati, na shanga ya duara huonekana imerefuka kama yai. Dawa ni lenzi ya maji, kioo cha kufunikia chenye unene wa milimita 0.17, na pete ya kurekebishia iliyo kwenye lenzi. Ajabu ni kwamba wengi hukimbilia programu ya kusafisha picha kabla hawajaigusa pete hiyo.

Tishu nene ina ukorofi wake: kiini, mafuta na utando, kila kimoja hupinda mwanga kivyake. Hapo hadubini imekopa kwa darubini. Mwaka 1953 mwanafalaki Mmarekani Horace Babcock alipendekeza kioo cha kujirekebisha ili kufuta mtikisiko wa hewa unaochafua picha za nyota. Wanabiolojia nao huwasha kwa leza nukta moja ndani ya tishu, wakaifanya nyota yao. Kihisi hupima mwanga wake ulivyovurugika, na kioo laini hujibonyeza kinyume chake.

Mwaka 2018 Eric Betzig, mshindi wa Nobel ya Kemia ya 2014, na wenzake walionyesha kwa njia hiyo seli ya kinga ikitambaa ndani ya sikio la kijisamaki hai, ikizoa chembe za sukari. Mtambo wao ulijaza meza ya mita tatu hivi. Tena rekebisho lililofaa hapa halikufaa pale jirani, kwa hiyo iliwabidi wapime kipande kwa kipande, ndipo wakaishona picha nzima.