Kupona Hakuishii Kwenye Kidonda

Mwaka 1928, huko Montreal nchini Kanada, daktari wa upasuaji wa ubongo Wilder Penfield alimpasua dada yake mwenyewe, Ruth, aliyekuwa na uvimbe upande wa kulia wa sehemu ya mbele ya ubongo. Kuutoa uvimbe huo kulimlazimu kuondoa sehemu kubwa ya ubongo pamoja nao. Ruth alipona kidonda, akarudi kwake, na mgeni aliyekaa naye barazani asingemwona na kasoro. Miezi kama 15 baadaye alipanga kupika chakula cha jioni kwa mgeni mmoja na watu wanne wa familia. Siku nzima ilikuwa yake. Saa ya kula ilipowadia, vyakula vyote vilikuwepo jikoni na kimoja au viwili vilikuwa motoni, lakini saladi haijawa tayari, nyama haijaanza kupikwa, na mpishi amechanganyikiwa kabisa. Alipopata msaidizi, kazi ikaisha upesi. Penfield aliyaeleza hayo katika makala ya kitabibu ya mwaka 1935, na hadi leo sijui ushahidi unaoonyesha vizuri zaidi kwamba tunawapima vibaya wagonjwa wenye uvimbe wa ubongo.

Tunawapima kwa mwendo na usemi. Mgonjwa akitembea na kuwataja wanawe kwa majina, tunasema amepona. Hata daktari anaweza kudanganyika, kwa sababu kwenye chumba chake mgonjwa huulizwa swali moja moja, mahali patulivu, na mtu mwingine ndiye anayeamua kifuate nini. Nyumbani au kazini hakuna wa kumpangia. Huko ndiko inakojulikana kama anaweza kuanza jambo, kuliacha kidogo ashughulikie lingine, kisha akalirudia pale alipoliachia.

Kuna atakayesema hayo ni ya zamani, upasuaji umeendelea. Ni kweli. Siku hizi zipo hospitali ambako mgonjwa huamshwa katikati ya upasuaji, akaombwa ataje picha, ili daktari ajue mahali asipopaswa kugusa. Lakini kisu si chanzo pekee, na pengine hulaumiwa kuliko kinavyostahili. Wengi hupungukiwa kumbukumbu au umakini kabla hata ya kupasuliwa, kwa kuwa uvimbe wenyewe hukandamiza na kuharibu ubongo. Wengine hupata nafuu ukishatolewa. Wengine huzorota wiki za mwanzo, ubongo ukiwa umefura baada ya upasuaji, kisha hurejea polepole kwa miezi kadhaa. Ongeza hapo mionzi, ambayo athari zake zinaweza kujitokeza miaka baadaye, dawa za kuzuia kifafa, uchovu na sonona. Bila kipimo cha kufikiri kilichofanywa kabla ya upasuaji, nani atajua kipi kimeletwa na nini?

Hoja nzito zaidi ni ile inayosema: mtu amenusurika kifo, kusahau kidogo kuna uzito gani? Uzito wake ni kwamba kumbukumbu hiyohiyo ndiyo inayomkumbusha kumeza dawa, kurudi kliniki na kuzima jiko. Anayeshindwa kupanga kazi huitwa mvivu au jeuri, akapoteza ajira, ndoa nayo ikatikisika. Isitoshe, sehemu ya mbele ya ubongo ikijeruhiwa, mgonjwa anaweza asilione tatizo lake mwenyewe. Kwa hiyo kumuuliza yeye peke yake hakutoshi. Anayeishi naye lazima asikilizwe.

Na wataalamu wakiwa wachache, tufanyeje? Uchache huo upo, ila sehemu kubwa ya msaada wa kila siku haihitaji mashine. Kazi moja kwa wakati mmoja, redio ikiwa imezimwa. Orodha ya hatua ukutani, kengele ya simu kwa saa za dawa, usingizi wa kutosha. Familia iandike daftarini matukio yenyewe, kwa mfano amelipa bili mara mbili au amepotea njia anayoijua, maana daktari hufaidika nayo kuliko akiambiwa tu kuwa mgonjwa amebadilika. Dawa zisiachwe wala kupunguzwa bila ruhusa ya daktari, hata zikishukiwa. Na kama fikra zimevurugika ghafla, au kuna maumivu makali ya kichwa, kutapika, usingizi usio wa kawaida au degedege, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo.