Sikio au Jicho? Podikasti Huko Fizi na Baraka

Wahenga walisema, "Sikio halilali njaa." Jua halichwi mtu asipate habari: habari ya arusi au ya msiba, ya bei ya mihogo au ya vita. Lakini siku hizi jicho nalo ladai chakula chake. Simu moja ndogo huleta sauti na picha pamoja, na watu wa Fizi na Baraka, kama watu wa mahali pengine, wapaswa kuchagua: tusikilize tu, au tusikilize huku tukitazama?

Wengine watadhani ni swali dogo, la kupitishia muda barazani. Sivyo. Katika nchi ambako neno moja laweza kufanya mtaa mzima ufunge mizigo na kukimbia usiku, njia ya kupokea habari ni jambo la uzima.

PODIKASTI NI KITU GANI?

Podikasti ni mazungumzo, masimulizi au mafundisho yaliyorekodiwa na kuwekwa katika intaneti, ili kila mtu ayachukue na kuyasikiliza saa aitakayo. Redio ina saa yake. Ukichelewa, habari imekupita. Podikasti hungoja. Jina lenyewe ni changa. Mwandishi Mwingereza Ben Hammersley alilitumia katika gazeti la The Guardian mwezi Februari 2004, akiunganisha jina la iPod, chombo cha muziki cha kampuni ya Apple, na neno la Kiingereza la kutangaza.

Hapo mwanzo podikasti ilikuwa sauti tupu. Baadaye wenye kuzitengeneza waliweka kamera mbele ya wasemaji, na watu wakapenda kuona uso wa mtu anayesema, jinsi anavyocheka na jinsi anavyokunja uso. Mwezi Februari 2025 kampuni ya YouTube, ambayo kazi yake ni video, ilitangaza kwamba watu zaidi ya milioni elfu moja hufuata podikasti kwake kila mwezi. Basi wengi wakasema: "Zamani za sauti peke yake zimekwisha."

Neno hilo lafaa kupimwa kabla ya kukubaliwa. Hata huko Ulaya na Marekani wako wengi wanaofungua video, kisha huiweka simu kando na kuendelea na kazi zao. Wamelipia picha, lakini wanasikiliza sauti. Na huku kwetu, kando ya Ziwa Tanganyika, mambo yana hesabu yake.

MIKONO YENYE KAZI

Tazameni kazi za watu wa Fizi. Mvuvi hutoka usiku na taa zake kutafuta dagaa. Macho yake yako majini, mikono yake iko kwenye wavu. Mama hutwanga sombe, humenya mihogo, hupalilia shamba lililo mlimani. Kijana wa Misisi huchimba dhahabu kwa nguvu za mabega yake. Watu hawa wote wana masikio yaliyo huru, lakini macho na mikono yao imeshikwa na kazi. Sauti huwafuata kazini. Picha huwataka waache kazi kwanza, waketi, watazame.

Ndiyo sababu redio ilipata makao katika nchi hii. Redio Okapi ilianza kusikika Congo tarehe 25 Februari 2002, ikianzishwa na ujumbe wa Umoja wa Mataifa pamoja na shirika la Fondation Hirondelle la Uswisi. Ilisema kwa Kifaransa na kwa lugha nne za nchi: Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Kiluba. Mama asiyejua kusoma aliweza kufahamu habari za Kinshasa na za Bukavu bila kumwomba mtu amsomee.

Tena sauti ile haikupatikana kwa bei rahisi. Serge Maheshe, mwandishi wa redio hiyo, aliuawa Bukavu mwezi Juni 2007. Mwenzake Didace Namujimbo aliuawa katika mji huohuo mwezi Novemba 2008. Tusikilizapo habari iliyochunguzwa vema, tukumbuke kwamba wako waliotoa uhai wao katika kazi hiyo.

HESABU YA MEGA

Sasa tuje kwenye mfuko. Anayesikiliza au kutazama kwa intaneti lazima anunue mega. Wanafunzi wetu waweza kufanya hesabu hii wenyewe. Sauti iliyorekodiwa kwa kipimo cha kilobiti 64 kwa sekunde hula mega 29 hivi kwa saa moja. Video ya hali ya chini, yenye kipimo cha kilobiti 500 kwa sekunde, hula mega 225 kwa saa hiyohiyo. Video iliyo safi zaidi hula nyingi kupita hizo. Kwa mega za saa moja ya kutazama, mtu angeweza kusikiliza karibu saa nane.

Kisha kuna umeme. Kioo cha simu kinapowaka, betri hupungua upesi. Kikizimwa na sauti ikabaki, betri hudumu. Nyumbani kwenye umeme jambo hili halina uzito. Kwa mtu anayepeleka simu yake kibandani na kulipa ili itiwe umeme kwa nguvu za jua, lina uzito sana.

Tena kuna milima. Mawimbi ya redio za FM husafiri karibu kwa mstari ulionyoka. Baraka iko pwani ya ziwa, Fizi iko juu, na nyuma yake milima inazidi kupanda kuelekea Itombwe na Minembwe. Kijiji kilicho nyuma ya mlima chaweza kukosa kabisa redio inayosikika vizuri pwani. Lakini podikasti iliyokwisha kuchukuliwa husafiri mfukoni mwa mtu. Mchuuzi hupanda nayo mlimani, akafika, akamrushia ndugu yake kutoka simu hadi simu bila kulipa mega hata moja. Kadi ndogo ya kumbukumbu ya giga 32 yaweza kubeba sauti ya saa zaidi ya elfu moja kwa kipimo tulichotaja. Kwa video ya hali ya chini, itabeba saa 140 hivi tu.

PICHA INAPOSHINDA

Hata hivyo tusiidharau picha. Yako mambo ambayo sikio peke yake haliwezi kuyashika.

Kipindupindu ni ugonjwa unaoijua sana pwani ya Fizi. Mtu aliyeshikwa na kuharisha hupoteza maji na chumvi, naye asiporudishiwa upesi, hufa. Dawa ya kwanza ni maji ya chumvi na sukari. Ikiwa pakiti za zahanati hazipatikani, mtu huchukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, huku mgonjwa akipelekwa kwa mganga. Sauti yaweza kuvitaja vipimo hivi, ikavirudia mara tatu. Lakini mama anayeuona mkono ukikisawazisha kijiko, wala si kukijaza kilima, hatasahau. Katika kazi kama hii, na katika kufunga jeraha, kupandikiza miche au kutengeneza mashine, jicho ndilo mwanafunzi mwema.

Vivyo hivyo kwa mkimbizi. Wakongo wengi wa Fizi walivuka ziwa wakati wa vita, na kambi ya Nyarugusu huko Kigoma, Tanzania, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili yao. Kurudi kwao kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka kulianza mwezi Oktoba 2005. Mtu aliye kambini huuliza: nyumba ingali imesimama? Shule ina paa? Hapo maneno elfu hayatoshi, ataka kuona. Na ndugu aliyepelekwa mbali Marekani hutamani kuuona uso wa mama yake, wala hapimi mega.

Tena tusiwasahau ndugu zetu wenye upungufu wa viungo. Asiyesikia hupata faida katika picha yenye maandishi au ishara za mikono. Asiyeona hupata ulimwengu mzima katika sauti. Anayesema, "Video ni bora kwa wote," amemsahau mmoja. Naye anayesema, "Sauti yatosha," amemsahau wa pili.

SAUTI HUSITIRI USO

Kuna faida nyingine ya sauti ambayo watu wa mijini huisahau. Mwezi Februari 2011 mahakama ya kijeshi ilikuja kukaa Baraka, kuwahukumu askari waliowatendea wanawake wa Fizi jeuri mbaya siku ya Mwaka Mpya. Tarehe 21 Februari kamanda wao, Luteni Kanali Kibibi Mutware, alipewa kifungo cha miaka 20. Hukumu ile ilipatikana kwa sababu wanawake walikubali kusema.

Mwanamke aliyepatwa na jambo la namna hiyo aweza kuwa na mengi ya kuwafundisha wengine, lakini si haki uso wake uzungushwe katika simu za soko zima. Picha ikishatoka hairudi. Sauti humpa nafasi ya kusema huku amesitirika. Hata hapo yafaa kuangalia: kijijini watu hutambuana kwa sauti. Basi mwenye kurekodi aibadilishe sauti, wala asitaje jina, mtaa wala ukoo. Heshima ya msemaji yatangulia hamu ya msikilizaji.

KUSIKIA SI KUONA, NA KUONA SI KUJUA

Methali yatuambia, "Kusikia si kuona." Ni kweli, na kwa sababu hiyo watu huiamini picha upesi kuliko neno. Lakini ndipo hatari ilipojificha. Picha ya maiti iliyopigwa nchi nyingine, miaka mingi iliyopita, yaweza kutumwa leo na maneno haya: "Tazameni waliyotutenda jana mlimani." Macho yameona, na moyo umewaka moto, lakini hakuna aliyejua kitu.

Mwezi Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, na mwezi Desemba mwaka uleule wakaingia Uvira, mji ulio kwenye njia ya kuja Baraka. Katika siku kama hizo kila familia hujiuliza: tukae au tukimbie? Anayekimbia bure huacha shamba na shule. Anayekaa kwa kudanganywa aweza kupoteza watoto. Na huko milimani, ambako makabila jirani yametazamana kwa mashaka miaka mingi, video moja ya uongo yaweza kumwaga damu ya kweli.

Wala sauti nayo haina kinga. Siku hizi kompyuta zaweza kuiga sauti ya mtu na uso wake pia. Basi swali la kwanza lisiwe, "Je, ni sauti au ni picha?" Liwe hili: Nani asema? Aliona mwenyewe, au aliambiwa? Ni wapi, na siku gani? Nani mwingine amelithibitisha? Habari isiyojibu maswali haya, hata ikiwa na picha zinazong'aa, ni uvumi uliovaa nguo nzuri.

SHAURI KWA WAZAZI NA WANAFUNZI

Wazazi wapenzi, msiwakemee vijana kwa kuwa wanapenda kutazama. Ujana wapenda kuona. Lakini ketini nao. Mazungumzo ya sauti yana wema huu: simu moja ikiwekwa katikati, watu kumi husikiliza pamoja, wakaulizana na kubishana. Kioo kidogo hukusanya vichwa viwili au vitatu, na mara nyingi kila mtu huenda na chake pembeni.

Nanyi wanafunzi, msibaki kuwa wasikilizaji tu. Video njema yataka kamera, mwanga na kazi ndefu ya kuiunganisha. Sauti njema yataka simu, chumba kilicho kimya na mtu mwenye jambo la kusema. Wazee wa Kibembe wanazo hadithi, nasaba na habari za ziwa ambazo hazijaandikwa. Mwombeni babu ruhusa, mrekodini kwa lugha yake na kwa Kiswahili, mkaandike tarehe na mahali. Kazi hiyo haina gharama kubwa, nayo itadumu.

Ikiwa jambo lataka kuonyeshwa, lionyesheni. Ikiwa lataka kusemwa na kufikiriwa, lisemeni, mkayaache macho ya msikilizaji yaendelee na kazi yake. Wala msimrushie mtu mwingine sauti au picha yoyote ambayo ninyi wenyewe hamjui imetoka wapi.