Umbo la yai lililoiponza Ford sokoni

KATIKA biashara ya magari ya familia, sentimita chache za bodi na mkunjo wa kioo cha nyuma vinaweza kuamua kampuni ipi itangulie na ipi ifuate. Kampuni ya Ford ya Marekani ililijua hilo kwa gharama kubwa mwaka 1997, pale gari lake la Taurus lilipovuliwa taji la kuongoza kwa mauzo nchini humo, muda mfupi tu baada ya kuundwa upya.

Taurus halikuwa gari lililozoea kushindwa. Toleo la kwanza liliingia sokoni mwishoni mwa 1985, wakati Ford ikiuguza hasara ya zaidi ya dola bilioni 3 iliyoipata kati ya 1980 na 1982. Saluni nyingi za Kimarekani za wakati huo zilikuwa na pembe kama sanduku. Wabunifu wa Ford, chini ya Jack Telnack, walileta gari laini lenye kingo za mviringo, lisilo na grili ya kawaida puani.

Waliolicheka walikuwepo, lakini wateja walilinunua. Mwaka 1986 faida ya Ford iliipita ya General Motors kwa mara ya kwanza tangu 1924. Mwaka 1992 Taurus iliipiku Honda Accord na kushika nafasi ya kwanza kwa mauzo ya magari ya abiria Marekani, ikiuza magari yapatayo 410,000.

Yai kila mahali

Ushindi huo ndio uliowapa wakubwa wa Ford ujasiri wa kujaribu tena. Toleo la 1996, lililoanza kuuzwa mwishoni mwa 1995, lilijengwa juu ya umbo la yai, kama ilivyo nembo ya Ford yenyewe. Taa za mbele zilikuwa yai, kioo cha nyuma kilikuwa yai, na hata vitufe vya redio na kiyoyozi kwenye dashibodi vilipangwa ndani ya yai.

Gari pia liliongezwa ukubwa. Urefu wake ulipanda kutoka mita 4.88 hadi zaidi kidogo ya mita 5, na umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ukaongezeka kwa sentimita 6 hivi. Kwenye karatasi, hesabu hizo zilikuwa nzuri kwa baba mwenye watoto watatu. Lakini paa lililoteremka kwa mkunjo kuelekea nyuma lilipunguza faida ya urefu huo, na mteja aliyeketi siti ya nyuma aliona kioo kidogo cha ajabu badala ya nafasi aliyoahidiwa.

Kosa la pili lilikuwa la gharama. Wahandisi wa Ford walikuwa wameichukua Toyota Camry ya 1992 kuwa kipimo chao cha ubora, wakaongeza vifaa na uimara ili waifikie. Bei nayo ikapanda. Wakati huohuo Toyota yenyewe, ikibanwa na kupanda kwa thamani ya yeni, ilikuwa imeamua kwamba Camry hiyo ni ghali mno kuitengeneza. Camry mpya iliyoingia sokoni mwishoni mwa 1996 ilipunguzwa gharama, umbo lake likaachwa la kawaida kabisa, na baadhi ya matoleo yakauzwa kwa bei ya chini kuliko yaliyotangulia. Ilikuwa fupi kuliko Taurus kwa zaidi ya sentimita 20.

Toyota ilikuwa na desturi ya kupima gari kwa mteja. Camry iliyouzwa Japani katikati ya miaka ya 1990, ambayo wanunuzi wa mitumba wa Afrika Mashariki wameizoea, ilikuwa na upana wa chini kidogo ya mita 1.70, kwa sababu hicho ndicho kikomo cha daraja la magari madogo kisheria nchini humo. Ile ya Marekani iliongezwa karibu sentimita 9, kwa watu wanaoendesha barabara pana. Jina lilikuwa moja, bodi mbili.

Punguzo laficha ugonjwa

Mwaka 1996 Taurus bado iliongoza, kwa magari 401,000 hivi. Hata hivyo, taji hilo lilishikiliwa kwa nguvu: Ford ilirudisha fedha kwa wanunuzi, ikaleta toleo la bei nafuu lililoitwa G, na sehemu kubwa ya magari ikaenda kwa kampuni za kukodisha. Mauzo ya namna hiyo yanapendezesha takwimu, lakini faida yake ni ndogo, na magari hayo yakirudi sokoni kama mitumba huangusha bei ya mapya.

Mwaka 1997 takwimu zenyewe zikasema. Camry iliuza magari 397,000, Accord 385,000 na Taurus 357,000. Kutoka nafasi ya kwanza, Ford ilishuka hadi ya tatu, na Taurus haikurudi tena kileleni.

Jambo la kuzingatiwa na wenye hisa ni kwamba mwaka huohuo Ford ilitangaza faida ya dola bilioni 6.9, kubwa kuliko zote ilizowahi kupata hadi wakati huo. Fedha zilitoka kwenye malori madogo ya F-Series na magari marefu kama Explorer. Mwekezaji aliyesoma mstari wa mwisho wa hesabu peke yake hakuona dosari yoyote.

Toleo la 2000 liliondoa sehemu kubwa ya mayai na kuinua paa, lakini wateja walikwishahamia kwa Wajapani. Utengenezaji ulisimama Oktoba 2006, mwaka ambao Ford, ikiwa imebanwa na bei ya petroli iliyopunguza hamu ya magari makubwa, ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 12. Jina la Taurus lilifufuliwa mwaka uliofuata, likazikwa tena Marekani mwaka 2019.

Kwa mwekezaji mdogo, kipimo cha gari jipya si makofi ya siku ya uzinduzi. Kinachofaa kuulizwa ni punguzo kiasi gani linatolewa kwa kila gari, ni mangapi yanakwenda kwa kampuni za kukodisha, na bei ya gari la miaka miwili ikoje. Katika suala la Taurus, dalili hizo zilikuwa wazi mwaka mzima kabla taji halijaanguka.