Kaboni na kontrola: nani anabaki na pesa ya mota Kilosa na Mikumi?

Mji wa Kilosa una reli mbili, na kila moja ina aina yake ya mota. Reli ya zamani, ile ya upana wa mita moja, inaendeshwa na vichwa vya dizeli: injini inazalisha umeme, umeme unazungusha mota zilizofungwa kwenye ekseli. Kwenye vichwa vya kundi la 88, vilivyoanza kuletwa kutoka Canada miaka ya 1970, mota hizo ni sita, zote za DC na zote za kaboni. Reli ya SGR, ambayo treni zake za abiria zilianza kupita hapa kwenda Dodoma Julai 25, 2024, inachukua umeme wa volti 25,000 kutoka kwenye waya wa juu, na mota za treni yake inayoitwa Mchongoko hazina kaboni hata moja.

Mgawanyiko huohuo umeshaingia madukani na kwenye gereji, kuanzia Kilosa mjini hadi Mikumi kwenye barabara kuu ya Zambia. Mteja anayenunua drili au pampu ya sola anachagua kati ya mota ya kaboni na mota isiyo na kaboni, ingawa mara nyingi hajui kama anachagua. Muuzaji atamwambia kuwa isiyo na kaboni ina nguvu zaidi na inadumu. Ni kweli. Lakini wilayani humu swali la kibiashara linaanzia pale kifaa kinapoharibika: nani atalipwa kukitengeneza, na pesa hiyo itabaki wapi?

Tuanze na kilichomo ndani. Mpelekee fundi grenda iliyopoteza nguvu, iliyoanza kutoa cheche nyingi na harufu ya kuungua. Atafungua vifuniko viwili vidogo ubavuni, kimoja kila upande, na kwa kila kifuniko itachomoka springi ikisukuma kipande cheusi cha kaboni. Kipya kina urefu wa zaidi ya sentimita moja. Hiki kimebaki milimita chache, kimeliwa kwa upinde unaofuata umbo la komuteta, yaani ile pete ya vipande vya shaba inayopeleka umeme kwenye waya zinazozunguka. Fundi ataipitishia komuteta msasa laini, atasafisha mifereji kati ya vipande vya shaba, ataweka kaboni mpya na kuiacha mashine izunguke bila mzigo kwa dakika chache ili kaboni zikae. Mteja analipa bei ya mlo wa mama ntilie au zaidi kidogo, na anarudi kazini siku hiyohiyo.

Kazi hiyo ndogo imelisha familia nyingi. Inahitaji bisibisi, msasa, kaboni zinazouzwa kwa jozi, na jicho lililozoea. Amecha, yaani kiini kinachozunguka chenye waya za shaba, ikiungua, fundi wa kuwaindi anafumua waya wa shaba, anahesabu mizunguko na kuisuka upya. Karibu kila hatua ya matengenezo inaweza kufanyika hapa Kilosa, na karibu kila shilingi inabaki hapa.

Mota ya DC isiyo na kaboni imegeuza mpangilio. Sumaku ndiyo inayozunguka, waya za shaba zimetulia pembeni, na kazi ya kugeuza mkondo wa umeme imechukuliwa na kontrola, yaani bodi ya kielektroniki inayowasha na kuzima makundi matatu ya waya kwa zamu, maelfu ya mara kwa sekunde. Wahandisi Wilson na Trickey waliieleza mota ya aina hii mwaka 1962. Ilibidi isubiri transista za nguvu zishuke bei, na sumaku kali za neodimiamu zilizopatikana mwanzoni mwa miaka ya 1980, ndipo ikaweza kuingia kwenye vifaa vidogo. Kwa kuwa hakuna kinachosuguana isipokuwa beringi, joto linapungua na umeme mwingi zaidi unageuka kuwa kazi. Mota nzuri ya kaboni hufikia ufanisi wa asilimia 75 hadi 80. Isiyo na kaboni hufikia 85 hadi 90.

Niseme hapa, maana wauzaji wengine wanawachanganya wateja: mota bila kaboni peke yake si jambo geni Kilosa. Mota kubwa ya mashine ya kusaga mahindi, ile ya fezi tatu, haina kaboni na haijawahi kuwa nayo. Inatoka kwenye ukoo wa mota ambazo Nikola Tesla alizipatia hataza mwaka 1888. Kilicho kigeni ni mota ndogo ya betri yenye kontrola, na hiyo ndiyo inayobadilisha biashara.

Mahali ambapo ushindani wa mota hizi mbili ulionekana wazi kuliko kote, tena kwa miaka michache tu, ni kwenye mashindano ya magari ya rimoti. Magari ya rimoti yanayofika madukani kwetu ni ya kuchezea watoto, yenye vimota vidogo vya kaboni ambavyo vikifa vinatupwa. Huko Marekani, Ulaya na Japani huu ni mchezo wa watu wazima wenye madaraja, sheria na wakaguzi. Chama cha Marekani, ROAR, kimekuwepo tangu 1967. Gari ni moja ya kumi ya ukubwa wa gari halisi, na mota ni ya ukubwa unaoitwa 540, silinda ya kipenyo cha milimita 36 hivi.

Madaraja yalipangwa kwa idadi ya mizunguko ya waya kwenye mota. Mizunguko michache ina maana ya kasi zaidi, betri kuisha upesi na joto kali. Daraja la kawaida lilikuwa la mota ya kaboni yenye mizunguko 27, na shabaha yake ilikuwa kumlinda mtu wa kipato kidogo: wote watumie mota ya aina moja, ashinde anayeendesha vizuri. Haikuwa hivyo. Washindani wakubwa walinunua mashine ndogo za kukereza komuteta, wakaikereza baada ya kila mbio chache, wakabadilisha kaboni laini kwa ngumu na springi nyepesi kwa nzito, na wengine walinunua mota nyingi ili wachague moja iliyotoka kiwandani ikiwa na bahati. Aliyeshindwa kugharamia hayo aliachwa nyuma hata kama mkono wake ulikuwa mzuri.

Katikati ya miaka ya 2000 mota zisizo na kaboni ziliruhusiwa. Nafasi ya mizunguko 27 ya kaboni ikachukuliwa na mizunguko 17.5 isiyo na kaboni. Hesabu hizo mbili hazilingani kwa kuangalia tarakimu, kwa sababu waya zimepangwa kwa namna tofauti kabisa. Ahadi ilikuwa kwamba gharama zitakwisha, maana hakuna cha kukereza wala kaboni ya kununua. Nusu ya ahadi ilitimia. Mtu alinunua mota moja akaitumia msimu mzima. Lakini ushindani ulihamia kwenye kontrola: programu zake ziliweza kuwahisha umeme kadiri mota inavyozidi kuzunguka, na mota ya daraja la chini ikakimbia kama ya daraja la juu. Waandaaji walilazimika kutunga sheria kwamba katika madaraja ya kawaida kontrola isiongeze chochote, na taa yake iwe inamwekamweka ili mkaguzi aone kwa macho kuwa imezimwa nguvu ya ziada. Na bado yapo madaraja ya waanziaji yanayotumia mota ya kaboni ya bei ndogo, ile iliyofungwa isifunguliwe, kwa sababu ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kuwaweka watu wengi kwenye mstari mmoja.

Nimeyaeleza kwa kirefu kwa sababu nayaona yakija kwetu. Kwenye mchezo ule pesa haikutoweka kaboni ilipoondoka. Ilitoka mikononi mwa aliyejua kukereza na kusuka, ikaenda kwa aliyetengeneza na kuuza bodi.

Sasa tushuke Mikumi. Mji huu unaishi kwa barabara: malori ya kwenda Zambia, Malawi na Congo, mabasi ya Mbeya na Iringa, na watalii wa hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, ambayo barabara kuu inaikata katikati. Lori likizimika Mikumi, mara nyingi fundi umeme wa magari anaanza na stata na oltaneta. Stata ni mota ya kaboni na sioni ikibadilika karibuni. Inachota mamia ya ampea kwa sekunde chache, kisha inapumzika saa nzima au siku nzima; kwa kazi ya namna hiyo kaboni zinadumu miaka, na kontrola ya kubeba umeme mwingi kiasi hicho ingekuwa ghali bila sababu. Oltaneta nayo ina kaboni mbili ndogo. Mota za waipa na za vioo vya milango ni ukoo huohuo. Mwenye gereji Mikumi hana haja ya kuogopa kwamba kazi yake ya kaboni itaisha kesho, maana malori yaliyopo barabarani leo yatakuwepo kwa miaka mingi.

Upande wa betri hali ni nyingine. Ingco na Total, chapa zinazouzwa kwenye maduka mengi ya vifaa vya ujenzi nchini, zina drili za betri za aina zote mbili. Kwa betri ileile, isiyo na kaboni inatoboa matundu mengi zaidi kabla ya kurudi kwenye chaja, na kwa fundi wa paa anayefanya kazi kijijini pasipo umeme hilo ni suala la kumaliza kazi leo au kesho. Kwa wakulima wa vitunguu wa Malolo wanaofikiria pampu ya sola ya kuzamisha kisimani, uamuzi ni rahisi zaidi. Pampu ya kaboni inabidi ivutwe juu, bomba na kamba zake zote, kila kaboni inapoisha. Isiyo na kaboni inakaa chini, na kwa zile ambazo kontrola yake imefungwa juu ya ardhi, fundi anaifikia bila kushuka.

Feni zina hesabu ya kuvutia, na Mikumi wakati wa joto ni soko la feni. Feni ya dari ya kawaida, ambayo ni ya AC isiyo na kaboni ya mtindo wa zamani, inakula wati 70 hadi 75. Ile ya kontrola inakula wati 30 hivi. Iwashe saa 12 kwa siku, tofauti yake kwa mwezi inakaribia uniti 15. Kwa mteja wa kundi la T1 ambaye amekuwa akilipa takriban shilingi 356 kwa uniti, ni zaidi ya shilingi 5,000 kwa feni moja. Nyumba ya wageni yenye vyumba 10 ifanye hesabu yake. Kwenye bodaboda za umeme, ambazo kampuni kama Ampersand iliyoanzia Rwanda na Spiro zimezieneza mijini Afrika Mashariki kwa mtindo wa kubadilishana betri, hakuna mjadala: mota ni isiyo na kaboni, kwa sababu kila asilimia ya ufanisi ni kilomita ya ziada.

Basi tatizo liko wapi? Liko kwenye namna mota hizi zinavyokufa. Mota ya kaboni inatoa taarifa mapema: cheche, harufu, nguvu kupungua. Isiyo na kaboni inaweza kufanya kazi vizuri leo na isiitike kesho, na mara nyingi mota yenyewe ni nzima. Kilichoungua ni transista moja au sensa kwenye kontrola. Fundi asiyejua kupima bodi atamwambia mteja anunue kifaa kipya. Anayejua, akiwa na mita na pasi ya kulehemu, anaweza kugundua kwa muda mfupi kwamba waya tatu za mota ziko sawa na ubovu uko kwenye bodi. Lakini hata huyo atakwama ikiwa kontrola haiuzwi peke yake. Jozi ya kaboni unaipata kwenye duka la vipuri. Kontrola ya drili uliyoinunua mwaka jana huenda ikabidi iagizwe Kariakoo, kama ipo.

Kwa msimamo wangu, kuwashauri watu wa Kilosa waikatae teknolojia hii ni kuwapotosha. Kuinunua bila kujiandaa kuitengeneza nako ni kupeleka pesa nje ya wilaya kila kifaa kinapozimika. Chuo cha VETA kiko hapohapo Mikumi, na kijana anayejifunza umeme leo atakutana na kontrola nyingi kuliko amecha katika maisha yake ya kazi. Kozi fupi ya kupima na kutengeneza kontrola, wazi kwa mafundi wa kuwaindi walio kazini tayari, ingewapa watu wenye mikono mizuri njia ya kuvuka. Wanajua sumaku na waya. Kilichobaki ni bodi. Wauzaji wa jumla nao walete kontrola kama kipuri, kama wanavyoleta kaboni.

Kwa mnunuzi, ushauri ni huu. Kifaa cha saa chache kwa wiki kinachochomekwa ukutani, nunua cha kaboni, na ununue jozi ya akiba siku hiyohiyo. Kifaa cha betri au cha sola kinachofanya kazi kila siku, lipia kisicho na kaboni. Na kabla ya kutoa pesa, muulize muuzaji kama kontrola yake inapatikana peke yake na kwa bei gani. Akikosa jibu, jaribu duka la pili.