Homa Ifuatayo Safari ya Pwani

Wanafunzi wa Nairobi huenda Kuruwitu, Kilifi, kujionea matumbawe na samaki waliorudi tangu wavuvi watenge sehemu ya bahari yao mwaka 2005. Mzazi humwonya mwanawe kuhusu mawimbi; mbu wa usiku husahauliwa.

Malaria haina haraka. Huzuka siku 7 au zaidi baada ya mtu kuumwa na mbu, mwanafunzi akiwa amekwisha kurudi nyumbani. Kichwa kikimgonga na mwili ukimtetemeka, mama hudhani ni mafua tu. Kumbe aliyekulia Nairobi hana kinga aliyo nayo mwenyeji wa Pwani. Akicheleweshwa, huweza kuzidiwa haraka.

Mzazi, mpeleke akapimwe damu siku iyo hiyo. Neno la kwanza kwa daktari liwe: "Alikuwa Pwani."