Fegi ya kwanza ya dogo huanzia kibanda umiza

Siku ya Simba na Yanga, kibanda umiza pale Kiomboi hujaa mapema kabla ya filimbi. Madirisha yamezibwa kwa maturubai ili mwanga usiharibu picha, na wasiolipa wasichungulie. Moshi nao unakosa pa kutokea.

Mapumziko yakifika, kaka mmoja anatoa sarafu: "Dogo, kanichukulie fegi moja, iwashe huko huko." Dogo ana miaka 14. Dukani haulizwi umri, ingawa sheria ya bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Na kwa kuwa inauzwa mojamoja, hata pakiti yenye onyo haishiki. Ili iwake, lazima avute. Anakohoa, wenzake wanaangua kicheko. Mechi ya tatu au ya nne hakohoi tena, na hapo anahesabiwa mkubwa.

Wengi wanaingia kwa mlango huo. Hakuna aliyewashawishi kwa maneno. Wametumwa tu na mtu wanayeshangilia naye timu moja.

Soka lenyewe lina historia na moshi. Dar es Salaam iliwahi kuwa na timu ya ligi iliyoitwa Sigara, jina kabisa! Johan Cruyff, fundi wa Uholanzi, alivuta miaka mingi hadi alipofanyiwa upasuaji wa moyo mwaka 1991 akiwa kocha wa Barcelona. Akaacha, akawa anamung'unya pipi ya kijiti kwenye benchi. Machi 2016 saratani ya mapafu ikamchukua akiwa na miaka 68.

Halafu yupo winga wa mtaani ambaye hajawahi kushika fegi. Anabanwa katikati ya benchi dakika 90, anavuta ya wenzake. Kaboni monoksaidi iliyomo kwenye moshi inashika nafasi ya oksijeni kwenye damu, na oksijeni ndiyo mafuta ya mbio zake. Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa wengine unaua zaidi ya watu milioni 1 wasiovuta kila mwaka.

Wenye vibanda wanajua kumtoa asiyelipa kiingilio, hata mlevi mwenye fujo. Mvutaji naye anaweza kuambiwa asubiri mapumziko, akavutie nje. Mlango uko palepale anapokaa mkusanya hela.